Ndoo Iliyonyamaza

Kila alasiri, Chiriku akitoka shule, alibadilisha sare na kwenda jikoni kusugua ndoo ya Bi Kizee. Bi Kizee hakuwa mtu. Lilikuwa donge la unga uliochachuka, ambalo mama yake Chiriku, mwoka mikate, aliachiwa na marehemu mama yake. Kila siku mama alilichanganya na unga mpya, akaoka, kisha akabakiza kipande cha kuchachulia mkate wa kesho. Hamira ya dukani haikuingia nyumba ile. Wateja walifuata ladha ya Bi Kizee, na mkate huo ndio uliowalisha na kuwavisha Chiriku na mama yake.

Bi Kizee alikuwa na sauti. Ukikaa jikoni kimya ungesikia mapovu yakipasuka ndani ya ndoo, pwi, pwi, na kitambaa kilichoifunika kikiinuka polepole, kama kuna mtu chini yake anavuta pumzi. Chiriku alikuwa akilala na kuamka na sauti hiyo tangu utotoni.

Msichana huyu alipewa jina la Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mikono yake, kwa upande mwingine, ilipenda sana kupumzika. Unga uliokauka ndooni ulinata kama kupe, na kuusugua kulimchosha. Ndipo mjomba wake, dereva wa lori, alipomletea chupa ya dawa ya kupulizia viatu.

"Ina chembechembe za madini ya fedha, ndogo hata macho hayazioni," mjomba alisema. "Teknolojia ya nano hiyo. Viatu vyako vitaacha kufukuza wageni. Ila soma maandishi: ni ya viatu na soksi, si ya vyombo vya chakula."

Viatu viliacha kunuka kweli. Chiriku akawaza: kama inaua uchafu wa viatu, itashindwa na ndoo? Akahamishia donge kwenye sahani, akapuliza ndani ya ndoo, akapangusa kwa kitambaa, akalirudisha, akatoka kwenda kucheza. Ndoo ilimeremeta. Kesho yake akafanya hivyo tena, na kila siku iliyofuata. Mvivu akipata njia ya mkato, haulizi inakoelekea.

Mambo yalianza kubadilika kidogokidogo. Unga ukaumuka nusu, halafu robo. Kitambaa cha kupangusia, kilichozoea kunuka kikilala na maji, hakikunuka tena. Nyuma ya meza Chiriku aliokota kipande cha mkate alichokidondosha zamani, siku aliyochezea chupa ile na kukipuliza pande zote. Hakikuwa na hata doa la ukungu. Kilikuwa vilevile, kikavu, kimemkodolea macho kama kinamfahamu. Akakitupa haraka.

Kisha ikafika alasiri moja aliporudi akakuta jikoni kuna kimya kisicho cha kawaida. Mama alikuwa ametoka. Kitambaa cha ndoo kilikuwa kimebonyea katikati. Chiriku aliinama akatega sikio, akasikia pumzi zake mwenyewe tu zikimrudia kutoka ndani ya ndoo. Akafunua. Donge lilikuwa limelala, zito, baridi. Alilinusa. Halikunuka uchachu wala kitu chochote. Akalifunika haraka na kukaa nje mpaka mama aliporudi, maana aliogopa kuwa peke yake na ndoo ile.

Mama alilaumu baridi, akalaumu unga, akalaumu na mwenye duka aliyemuuzia unga. Mikate ilitoka tanurini migumu kama tofali. Wateja waliirudisha wakimwonea huruma, na huruma hiyo ilimuumiza mama kuliko matusi. Chiriku alijua, lakini mdomo wake ambao haukujua kupumzika sasa ulikuwa umefungwa.

Jioni iliyofuata mama mdogo, mfanyakazi wa maabara ya hospitali, alikuja na kikopo kidogo.

"Dada, hiki ndicho kipande ulichonigawia zamani," alisema. "Nilikihifadhi kwenye friji. Sina kingine."

"Nami sina," mama alijibu. "Hiki kikifa, basi. Kazi ya mama yetu imeishia kwangu."

Akafungua kikopo, akaivuta ndoo inayometameta. Chiriku alitazama donge lile dogo likining'inia vidoleni mwa mama, juu ya kimya kile.

"Mama, usilitie humo," alisema, na machozi yakamtoka. "Ni mimi. Sikuwa nasugua ndoo. Nilikuwa naipulizia dawa ya viatu."

Mama alilirudisha donge kikoponi. Mama mdogo alichukua chupa, akasoma maandishi yake.

"Hospitalini tunafunga vidonda vya moto kwa bendeji zenye chembe kama hizi," alisema, "na zinatusaidia mno. Zinaua vijidudu. Lakini mwanangu, chachu nayo ni vijidudu hai, na chembe haziulizi yupi rafiki na yupi adui. Tena ulikuwa unazivuta puani, na nyingine unazimwaga na maji. Zinakwenda wapi, zinafanya nini huko, wataalamu bado wanachunguza. Ndiyo maana kitu kinaandikiwa masharti."

Donge likawekwa kwenye bakuli la udongo, likalishwa unga na maji ya uvuguvugu. Watatu wakakaa kulizunguka. Hakuna aliyezungumza, hata Chiriku. Wakatega masikio mpaka usiku ukaingia.

Pwi.

Mama alifumba macho, akashusha pumzi ndefu. Kisha akamgeukia binti yake.

"Kupenda vitu vipya si kosa," alisema. "Kosa ni kuvitumia bila kusoma, ili ukwepe kazi. Na kubwa kuliko hilo ni kunyamaza. Mficha maradhi kifo humuumbua. Ungenyamaza dakika moja zaidi, tungemzika Bi Kizee leo."

Tangu siku hiyo ndoo ile ikawa ya kuwekea viatu, nayo haijawahi kunuka. Bakuli Chiriku hulisugua kwa mkono wake, na kabla ya kutoka jikoni hutega sikio kwanza.