Mtungi Usio na Gesi

"Kamba hii niliifunga mimi kabla wewe hujahamia hapa," alisema Mama Pacha, mikono kiunoni.

Mshona nguo wa mlango wa pili alimjibu kwamba kamba si kiwanja, haina hati. Ngazi nzima ya ghorofa ikacheka.

Nyuki hakucheka.

Jasusi huyo alikuwa amebanwa ukutani katikati ya majirani, shuka mbichi ikimdondokea shingoni. Getini, watu wawili wa adui walimsubiri ndani ya Prado nyeusi. Bastola yake ya Glock ilikuwa kiunoni, lakini nani afyatue risasi penye watoto?

Na kutoka juu alishuka dalali wa siri za jeshi ambaye Nyuki alikuwa akimwinda, kajifanya muuza gesi, mtungi begani.

Mtungi haukuwa na gesi. Ulibeba kifaa kilicho moyo wa redio mpya ya jeshi, kilichoibwa kiwandani. Kiwanda cha silaha cha taifa kilikuwa kimesafishwa. Wakubwa waliokula kamisheni ya manunuzi ya nje walitimuliwa, mafundi wakaunda redio yao wenyewe. Majaribio ni kesho. Yakikwama, jeshi litarudi kununua makopo ya redio kutoka nje, kama lile alilobeba mdogo wake Nyuki huko mpakani, ambalo adui hulisikiliza kama muziki wa harusini.

Kipokea sauti sikioni kikakwaruza.

"Nyuki, toka humo," makao makuu yakaamuru.

"Njia imeziba."

"Msaada uko mbali."

Dalali alimwona. Mkono ukaingia ndani ya koti.

Nyuki akapaza sauti. "Mama Pacha, gesi hiyo imefika. Mwambie akufungie."

Ugomvi wa kamba ukaishia hapo. Dalali alidai mtungi una mwenyewe. Mshona nguo, adui wa dakika iliyopita, akasimama upande wa jirani yake: wamepikia mkaa wiki nzima, hapiti mtu. Wakamtua mtungi begani.

"Basi paka povu tuone kama unavuja," Mama Pacha akamwambia.

"Povu la nini?"

Muuza gesi gani asiyejua povu la sabuni?

"Mwizi wa mitungi huyu," alisema mshona nguo, taratibu kabisa.

Bastola ya dalali ikachomoka. Nyuki akavuta kamba. Mashuka yote yakamfunika dalali. Kiwiko kimoja cha Nyuki. Chuma kikalia sakafuni, majirani wakamkalia mtu wao, wakipiga yowe la mwizi.

Nje, Prado ilisikia neno mwizi ikaondoka kwa kasi.

Nyuki alifungua kitako cha mtungi. Kifaa kilikuwa kizima, kimeviringishwa sponji. Akakitia mfukoni.

"Makao, ninacho. Leteni pingu."

Akakung'uta koti, akaanza kushuka.

"We kaka," Mama Pacha akamwita. "Unatukamatia mwizi halafu unapita mlangoni kwangu kama mgeni wa mtu mwingine? Ingia ule."