Mianzi ya Mteremkoni

Kila asubuhi Diwani Aracelly alichemsha kahawa, akachoma arepa moja, mkate wa mahindi, akala peke yake. Mumewe alikuwa amefariki. Zamani shoga yake Rubiela angepita wanywe pamoja. Siku hizi alipita upande wa pili wa barabara.

Walikosana kwa sababu ya mianzi. Halmashauri ya mji wao, huko milimani Kolombia, ilitaka kuifyeka mianzi ya mteremkoni ili ijenge maegesho ya magari. Mtoto wa Rubiela alikuwa ameahidiwa kazi hapo. Aracelly alipinga. Kikaoni ni yeye tu aliyeinua mkono.

Sokoni walimtania. "Mama Mianzi! Leo umewaamkia wanao?"

Alicheka nao. Nyumbani hakucheka.

Jioni moja alipita jirani yake Nohemí, aliyewahi kufanya kazi idara ya maji.

"Mbona umejiinamia, diwani wangu?"

"Nimechoka, dada. Nasema peke yangu kama kichaa."

"Kila siku unawaambia mianzi inapendeza. Nani anajali? Waambie kazi yake. Mizizi yake imeshikana kama vidole, ndiyo inayoushika udongo. Ikifyekwa, mvua ikinyesha, mteremko wote unashuka."

"Unamshukia nani?"

"Rubiela na majirani zake huko chini."

Aracelly aligeuka kuutazama mteremko.

"Na sheria inawaruhusu wakazi kuomba kusikilizwa na madiwani," Nohemí aliendelea. "Wapeleke waseme wenyewe."

Walipiga hodi nyumba kwa nyumba. Kwa Rubiela mlango haukufunguliwa. "Nenda kalale na mianzi yako!" alipaza sauti kutoka ndani.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Mzee mmoja alisimama. "Mlipofyeka upande wa kusini, ng'ombe wangu alifukiwa na matope akiwa amesimama. Sasa mnangoja afukiwe mtu?"

Safari hii mikono mingi iliinuka. Mianzi ikabaki. Maegesho hayakujengwa, na kijana wa Rubiela akaenda kutafuta kazi mji mwingine.

Mvua za Aprili zilikuja kwa fujo. Kilima cha jirani, kilichokuwa kitupu, kiliporomoka. Mteremko wa mianzi haukusogea.

Kulipokucha Aracelly alishuka mbio kwa Rubiela. Nyumba ilikuwa imesimama. Rubiela alikuwa akifagia maji mlangoni.

"Mko salama?"

"Mko?" Rubiela hakuinua kichwa. "Niko peke yangu."

 Ufagio mwingine ulikuwa umeegemezwa ukutani. Aracelly akauchukua. Rubiela hakumkataza. Wakafagia, mmoja huku, mwingine kule.