Kinyonga wa Darasa la Sita

Asubuhi hiyo Hidaya alifagia nusu ya uwanja, akatupa ufagio, akaenda kuchota maji. Ndoo haijajaa, akaiacha na kurudi ndani kutafuta gundi. Ukungu ulikuwa bado umelalia mashamba ya kabichi. Mama yake, aliyekuwa akifunga viroba vya karoti vya kupeleka gulioni, alimwona akipita mara tatu.

"Leo una siafu miguuni?" akamuuliza. "Shika kazi moja uimalize."

Siafu hawakuwapo. Yalikuwapo mashindano.

Shule yao, iliyo mteremkoni kwenye njia ya Rangwi, ilikuwa inaandaa mashindano ya sanaa ya usafi wa mazingira. Kila darasa lingeokota taka zilizozagaa kijijini na kuzibandika kwenye kadibodi ziwe picha. Ijumaa wazazi wangekuja kutazama, na picha bora ingepelekwa Lushoto mjini. Mwalimu Kristian, mlezi wa klabu ya mazingira, aliitwa kwenye semina ya siku tatu. Maandalizi alimwachia Hidaya, mwenyekiti wa klabu. Kabla ya kuondoka alimtajia masharti matatu ya kuandika na kubandika mlangoni: kila darasa picha moja, taka ziokotwe wala zisinunuliwe, na mtu yeyote asiguse pakiti wala chupa za dawa za shambani.

Hidaya aliandika mawili. Kuhusu la tatu alijiambia kwamba karatasi imejaa, ingawa nafasi ilibaki tele. Ukweli ni kwamba alishaona kitu. Kando ya kijito, chini ya mashamba ya nyanya, wakulima walikuwa wametupa pakiti za dawa, nyekundu, njano na kijani, zinazong'aa kama fedha kwa ndani. Taka nyingine za kijijini zilikuwa mifuko ya rangi ya tope. Kwa tope utashinda nini? Na kwani dawa ina ubaya gani? Baba yake huikoroga kila wiki kwa kijiti, akanyunyizia nyanya na kurudi nyumbani anaimba.

Jumatano baada ya masomo alimchukua Secilia, rafiki yake, ambaye ndiye fundi wa kuchora wa darasa lao la sita. Secilia alisita alipoziona pakiti. Aliuliza kama zinaruhusiwa.

"Nenda kasome karatasi mlangoni," Hidaya akamjibu. "Imeandikwa wapi kwamba haziruhusiwi?"

Secilia akaingia kijitoni. Alizipasua pakiti na kuzisugua kwa mikono mitupu mpaka zikang'aa, unga uliobaki pembeni ukimrukia kwenye sweta. Hidaya, asiyeweza kutulia mahali pamoja, alikimbia huku na huko akileta gundi na mkasi. Kufikia jioni kulikuwa na kinyonga mwenye pembe tatu, mwenye rangi za kung'aa kiasi kwamba kila aliyepita alisimama kumtazama.

Alhamisi Secilia hakufika shuleni. Habari zilisema ametapika usiku kucha, macho yanamtiririka machozi, na amepelekwa zahanati. Asha wa darasa la tano alichungulia dirishani, akasema fundi wao ameshiba plamu mbichi za watu, na sasa zinamdai. Darasa likacheka. Hidaya naye akacheka. Aliomba ruhusa kutoka mara tatu katika kipindi kimoja, hadi mwalimu wa hisabati akamuuliza kama plamu hizo walizila pamoja.

Mchana Hidaya alikuwa akila nyumbani, mama yake akarudi kutoka gulioni. Alikuwa amepita zahanati. Alieleza kwamba Secilia amewekewa dripu na hali haibadiliki. Muuguzi anauliza mtoto kala nini, mama yake Secilia anaapa ni ugali na maharage tu.

"Wanatibu wasichokijua," alisema mama.

Hidaya aliinuka, akakaa, akainuka tena. Akisema, kinyonga anaondolewa, Ijumaa yao imekufa na uenyekiti umekwenda. Asiposema, Secilia anaendelea kutapika. Sahani ikamponyoka.

"Mama, si chakula. Ni pakiti za dawa ya nyanya. Mwalimu alikataza, mimi sikuandika."

Mama hakupiga kelele. Alimwosha mikono kwa sabuni, akamshika mkono, wakashuka njia ya zahanati kwa mwendo wa haraka. Njiani alimwambia mambo yake kwa Kishambaa, na yote yalikuwa kweli.

Muuguzi Eliza alimsikiliza Hidaya mara moja tu. Kwa baridi ya huko, Secilia alikuwa hajalivua lile sweta lililorukiwa unga wa dawa. Alilala nalo, na dripu alikuwa amewekewa akiwa nalo. Muuguzi alilivua, akamwosha Secilia mwili mzima kwa sabuni, nywele pia, akampigia simu daktari wa hospitali na kubadilisha matibabu. Saa kumi na mbili jioni Secilia aliacha kutapika. Akaomba uji.

Ijumaa Mwalimu Kristian alirejea, akasikia yote kutoka kwa Hidaya mwenyewe. Afisa kilimo alikuja na glavu, akamtia kinyonga kwenye gunia na kwenda naye. Darasa la sita halikushindana. Darasa la nne lilishinda kwa kuku wa mifuko ya rangi ya tope, na klabu ikapata mwenyekiti mwingine. Hidaya aliketi mbele ya wazazi, vidole vyake havitulii.

Baada ya matokeo mama yake alisimama bila kuitwa.

"Pakiti zile watoto hawakuzinunua wao. Tulizitupa sisi, juu ya maji tunayokunywa. Kuanzia leo zikae kwenye pipa lenye mfuniko, mpaka afisa kilimo azichukue. Asiyetaka aseme sasa."

Wazazi wakaitikia kwa vichwa. Ndipo akamgeukia binti yake.

"Na wewe, Hidaya. Uchafu hata ukiupanga ukawa mnyama mzuri, bado ni uchafu. Kiongozi akificha neno moja ili ashinde, si yeye anayelala kitandani. Ni yule aliyemwamini. Jana ulichelewa, lakini ulisema, na kwa kusema kwako Secilia yuko hai. Leo asubuhi ameruhusiwa kutoka zahanati, sasa nenda kwao. Usiombe radhi ukiwa mlangoni. Ingia, ukae."

Hidaya akaenda. Aliingia, akakaa.