Mkono wa Mwisho

Jua lilikuwa linazama kisiwani Rusinga wakati Phelesia alipofika kuliona gari lake la kwanza. Kwao Oyugis, mji mzima ulimcheka, eti mwanamke hawezi kuwa fundi. Binamu yake Gordon, fundi wa miaka mingi, ndiye pekee aliyemwambia anaweza. Usinunue gari la kompyuta, alimshauri. Tafuta kuukuu lenye kabureta, ambalo mkono unaingia kila mahali, ukosee, urudie. Kisha akamtafutia yeye mwenyewe. Mtu akupende vipi tena?

Pikapu ilikuwa nyuma ya nyumba ya mjane mmoja, Cate, nyasi zimefika madirishani. Cate alisema ina miaka minne bila kuwashwa, wala hakusogea karibu.

Gordon alisimama kando, mikono mifukoni. Siku nyingine yoyote angekuwa na grisi hadi viwikoni. Leo alimwachia mwanafunzi wake kila kitu, na Phelesia akaona fahari.

Akafungua boneti.

Harufu ya breki zilizoungua ikampiga usoni. Akaweka kiganja juu ya injini...

Ilikuwa moto.

"Usiogope, nyaminwa, dada yetu," Gordon akanong'ona. "Kaza nati moja tu. Yoyote."

Alimwamini. Akaingiza spana, akakaza.

Kriii... tup. Kriii... tup.

Aliijua sauti hiyo, Gordon ndiye aliyemfundisha. Ni pedali ya breki inayokanyagwa hadi chini bila kushika. Akachungulia dirishani. Kitini hakukuwa na mtu.

Gordon alishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. "Nisamehe," alisema, akiangalia chini. Akapanda pikipiki yake, akamwacha pale pale.

Ndipo Cate akafunguka. Mumewe, Willis, alifia ndani ya pikapu hiyo kwenye mteremko, siku moja baada ya Gordon kutengeneza breki. Tangu siku ile marehemu humfuata fundi aliyeigusa mwisho. Miaka minne Gordon hakuonja usingizi.

"Na wewe ulijua, mama?"

"Nilijua, nyathina, mwanangu. Nilichoka kumsikia mume wangu akiuliza humo garini."

Phelesia hakuinunua ile pikapu. Alirudi kwao usiku huo, spana bado mkononi. Uchungu ulizidi woga. Gordon angemwomba, pengine angekubali. Lakini kudanganywa, tena na yeye!

Kesho yake jioni alimpigia Gordon amtukane. Simu ikapokelewa na mkewe, Priscah, akasema kwa sauti ya chini kwamba Gordon amelala tangu asubuhi. Mwanamke huyo alikuwa akilia kwa furaha. Phelesia akakata.

Akaweka simu kitandani. Kisha ikaja harufu ya breki zilizoungua.

Kriii... tup.

Maisha yake yote alitamani mtu amwite fundi, hata mara moja.

"Fundi," sauti ikasema dirishani, taratibu, "breki ulizikaza vizuri?"