Majina Mawili ya Kujazia Orodha

Wa kwanza kuisimulia habari hii alikuwa Asekenye mwenyewe, mwezi wa Agosti 1999, akibambua karanga na dada yake, miaka miwili baada ya kisima kuchimbwa. Hakupenda kuirudia. Aliisimulia mara tatu tu maishani mwake, na mara zote tatu haikubadilika hata neno.

Wachimbaji walikuwa watu wa kujitolea kutoka Jinja. Hawakudai chochote ila orodha ya majina. Kijiji chenye watu mia tatu kingepata pampu. Wakipungua, mashine ingepelekwa kwingine. Mwenyekiti Omoding alipita nyumba kwa nyumba na daftari, akahesabu, akarudia kuhesabu. Mia mbili tisini na wanane.

Alimkuta Asekenye uani, anasonga ugali wa ulezi.

"Mama Anyait, tumepungukiwa na wawili."

"Si uzae? Wake wawili unao."

Omoding hakucheka. "Nimemwandika Esele wangu," alisema polepole. "Nimwandike na Anyait?"

Mwiko ukasimama chunguni.

Anyait alikuwa na miaka saba. Miezi minne kabla, alitumwa maji kwenye dimbwi wanalonywea ng'ombe, naye akanywa kwa kiganja kwa sababu jua lilikuwa kali. Aliharisha siku mbili. Ya tatu wakamzika nyuma ya ghala. Esele, mtoto wa Omoding, alimfuata wiki iyo hiyo. Asekenye ndiye aliyemtuma binti yake siku ile, tena alimtuma kwa kumfokea. Baada ya mazishi alikwenda akalitupa dumu la mtoto humo humo dimbwini.

"Hawa ndio waliokufa kwa ajili ya maji," alisema Omoding. "Wao hasa ndio wa kuhesabiwa."

"Andika."

Siku ya ufunguzi, orodha ilishikwa na binti mmoja wa kujitolea aliyeitwa Nabirye. Hakujua Kiteso, wala hakujua nani ni nani, kwa hiyo aliyasoma majina kama yalivyoandikwa. Kila aliyeitwa aliitika, akaja kunywa kikombe kimoja. Watu walicheka jinsi alivyoyavunjavunja majina yao. Jua likaanza kuzama.

"Anyait."

Kicheko kikakatika. Omoding akafungua kinywa aseme kwamba mtoto ni mgonjwa...

"Nipo."

Sauti ndogo, kutoka nyuma ya umati. Nabirye akaweka alama, akaendelea. Wenyeji waligeuka. Nyuma hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu tu... harufu ya tope la dimbwini.

"Esele."

"Nipo."

Omoding aliketi chini, pale pale penye matope.

Asekenye alichaguliwa kuwa mtunza pampu. Kila magharibi alisubiri dumu la mwisho lijae, watu waondoke, kisha aufunge mpini kwa mnyororo na kufuli. Jioni ya tatu, alipogeuka kwenda zake, alikuta madumu mawili yamepangwa foleni.

Moja lilikuwa jeupe. La pili lilikuwa dogo, la njano, limezibwa kwa gunzi la mahindi lililoviringishwa kitambaa chekundu. Kile kitambaa alikizungusha yeye kwa mikono yake.

Nyenje wakanyamaza.

"Mama." Sauti ilikuwa mgongoni kwake. "Usinifokee. Leo nimewahi foleni."

Hakugeuka. Alijua akigeuka atamwona, na akimwona hatamwachia. Alifungua kufuli, akasukuma mpini. Kwii... kwaa... kwii... Dumu la njano likajaa, kisha lile jeupe. Nyayo ndogo zikasogea nyuma yake. Halafu mguno, kama wa mtoto anayeinua mzigo unaomzidi nguvu.

Mtoto akarudi kesho yake. Na kesho kutwa. Ikawa tangu asubuhi Asekenye anaingojea jioni. Alimsemesha mtoto, na mtoto alimjibu machache. Hata jioni moja akamuuliza:

"Umechoka, mwanangu?"



"Njia ni ndefu, mama. Lakini si mmeniandika?"

Asekenye akaelewa. Hata kaburini alikuwa amemtuma maji.

Alikwenda moja kwa moja kwa Omoding. "Lete daftari. Nimekuja kumfuta."

"Wakija kuhakiki wakakuta tumepungua, wataing'oa pampu."

"Na waing'oe."

Omoding alileta daftari na taa. Akaziba kwa kiganja jina la mwanawe. "Huyu usimguse," alinong'ona. "Jana nilijificha kichakani, nikamsikia anakohoa. Kikohozi chake kabisa, Mama Anyait."

"Anateseka, Mwenyekiti."

"Najua." Machozi yalimdondokea kwenye karatasi. "Najua, dada yangu."

Asekenye alipiga mstari mmoja juu ya jina la binti yake. Kisha akarudi kisimani, akajaza dumu lake mwenyewe, akalibeba kichwani mpaka nyuma ya ghala, akalimimina lote juu ya kaburi, taratibu.

"Pumzika. Maji nitachota mimi."

Jioni iliyofuata, foleni ilikuwa na dumu moja tu. Lile jeupe.

Hakuna aliyekuja kuhakiki. Nabirye alipoulizwa, miaka mingi baadaye, alisema anakumbuka vizuri sauti zile mbili. Alidhani ni watoto wanaowaonea haya wageni. Zaidi ya hapo hajui kitu.

Asekenye alifariki mwaka 2014, akazikwa kando ya binti yake. Nabirye yu hai, ana wajukuu Jinja. Omoding naye yu hai. Amepita miaka themanini na macho hayaoni tena. Funguo za pampu anazo yeye, na daftari hampi mtu. Kila magharibi hupapasa njia kwa fimbo mpaka kisimani, husubiri watu wote waondoke, halafu mpini husikika...

Kwii... kwaa...

Jina la Esele halijafutwa.