Karibu ya Kilindini

Rafiki yangu, fundi wa sauti kwenye meli ya utafiti, alinisimulia haya kama mtu anayesoma orodha. Shemeji yake alikuwa peke yake kilindini, ndani ya chombo cha kuzamia, akiwatafuta nguva waliokwisha kuua wapiga mbizi wawili. Alipogusa sakafu ya bahari alitania kwenye kipaza sauti, “Hodi humu!”

“Karibu,” ikajibu sauti ya kike.

“Shemeji, acha masihara yako,” akacheka yule wa kilindini, akidhani ni rafiki yangu.

“Si mimi,” rafiki yangu akamwambia. “Nyamaza kabisa!”

Lakini ulimi ulishazoea adabu. “Asante,” akasema, na komeo la mlango wa chombo likasikika likifunguka.

Kwa uzito wa maji yale, mlango ule haufunguki hata kwa mashine. Chombo kilipovutwa juu ulikuwa wazi. Ndani palikuwa pakavu, na viatu vyake vimepangwa vizuri mlangoni.