Namna Kavuo Alivyoacha Kazi

Yaliyompata Kavuo wa Butembo wapo wanaoyasimulia kwa kuyaongeza chumvi. Hayahitaji chumvi.

Ilikuwa mwaka 2000, vita vimekolea, asubuhi ya Jumanne isiyo na lolote. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na udongo mwekundu ulinata kwenye viatu. Katika depo ya kahawa ya Patron Maliro, kando ya barabara iendayo Beni, wachaguaji walikaa chini kila mmoja na ungo wake mapajani. Kazi yao ilikuwa kutoa mbegu nyeusi, mbegu zilizotobolewa na wadudu, na vijiwe. Ukiifanya kwa saa tatu macho hutoa machozi yenyewe, hata kama huna kilio.

Saa nne uji uliletwa, na kila mtu akainuka kwenda kuchukua kikombe chake ukutani. Vilikuwa vikombe vyeupe vya bati, kila kimoja na msumari wake na jina kwa rangi nyekundu. Maliro mwenyewe ndiye aliyeandika majina hayo, siku ya kwanza ya kila mfanyakazi, kwa mwandiko mzuri wa mwalimu.

Huyo Maliro alikuwa mtu wa namna gani? Mwanamke mwenye mimba ya miezi minane aliangusha ungo uani, na Maliro akamsimamia mpaka alipookota kahawa yote kwenye matope, mbegu moja moja, kwa magoti. Kisha akamwambia aioshe. Basi watu wake walikuwa na mchezo mmoja tu wa kuwapoza moyo, nao ulichezwa wakati wa uji: kila mmoja aeleze ataachaje kazi siku Mungu akimkumbuka.

Siku hiyo alianza Salomon, mpakizi wa magunia, jitu la miraba minne.

«Mimi nitapanda juu ya kahawa yake yote, saa sita ya muchana, nilale. Akuje aniamushe. Sitaamuka!»

Mariette, ambaye sauti yake kanisani ilikuwa ikiwafanya hata wanaume waache kusinzia, akadakia. «Mimi nitatoka hapa niko naimba. Nitapita mu soko, nitapita ku barrière ya basoda na bunduki zao, na hakuna mutoto wa mutu atanisimamisha.»

Ikafika zamu ya Kavuo. Ni lazima ujue kwamba pale depo kulikuwa na desturi. Mchaguaji akiugua, alimtuma ndugu yake na ungo, na huyo ndugu akakaa mahali pake kutwa nzima. Usipofanya hivyo, nafasi iliyokuwa wazi asubuhi ilikuwa na mwenyewe mchana, kwa jinsi njaa ilivyokuwa mjini. Wote walituma ungo ili kulinda nafasi. Kavuo alitaka kutuma wake ili kuitupa.

«Mimi sitajichokesha hata kukuja,» akasema. «Nitamutuma mutoto wangu Séphora na lungo yangu, aseme: Patron, Mama alisema anaacha kazi.»

Walicheka mpaka uji ukamwagika. Kicheko kilikatika walipomwona Maliro amesimama mlangoni, kofia yake ya kijivu mkononi. Laiti angekasirika. Aliwatazama mmoja mmoja, Salomon, Mariette, Kavuo, kwa utulivu wa mtu anayekariri kitu.

«Nimesikia,» akasema, akaenda zake.

Ijumaa ile, saa sita mchana, Salomon hakuonekana. Walimkuta ghalani, juu kabisa ya rundo la kahawa, amelala kifudifudi. Mariette alipanda kumtikisa. Hakuamka. Alipogeuzwa, mdomo wake ulikuwa umejaa mbegu za kahawa zilizochaguliwa vizuri, bila hata moja nyeusi.

Maliro hakuvua kofia. Alisema lori linasubiri, kwa hiyo mwili utolewe na kahawa iliyokuwa chini yake ichaguliwe mchana huohuo. Wakaichagua, kwa kuwa nani angekataa? Kahawa ilikuwa bado na joto.

Lori hilo liliendeshwa na Maulidi, Mwislamu wa Beni, mtu mpole ambaye hajawahi kusema uongo hata wa kumfurahisha mtu. Aliporudi kutoka mpakani Kasindi alimwita Kavuo kando ya geti, jua likiwa limewaka, akaongea akitazama chini.

«Mama Séphora, ku barrière ya Beni soda mumoja wa bunduki aliniuliza makaratasi ya ule mutu wa juu ya magunia. Nikamwambia hakuna mutu juu. Akapanda ku tairi, akaangalia. Akashuka polepole, akakaa chini mu matope. Mwenzake akafungua njia. Hawakukamata hata gunia moya.»

«Aliona nini?»

«Mimi niliona mu kioo. Salomon. Anakaa juu ya magunia na lungo. Anachagua. Lakini lungo haikukuwa na kitu.»

Kavuo alitaka kumwambia amechoka, aende akalale. Lakini aliporudi ndani alitupa jicho ukutani. Kikombe cha Salomon kilikuwa bado kwenye msumari wake. Kilikuwa na uji ambao haujakauka ukingoni.

Majuma mawili baadaye, Mariette aliweka ungo chini katikati ya kazi. Akasimama. Akaanza kuimba. Macho yake yalikuwa yakiwaomba wenzake wamshike, kila mtu aliliona hilo, lakini miguu ilikuwa imekwisha kutoka. Alivuka soko akiimba na watu wakampisha. Alifika kwenye kizuizi cha wanajeshi na hakusimama. Wakamwambia asimame, mara ya kwanza, mara ya pili. Wakapiga risasi.

Walioshuhudia wanasema alitembea hatua ishirini zaidi. Akiimba. Kisha akaanguka, na wimbo ukaendelea kidogo.

Hapo ndipo Kavuo alipoelewa kwamba zamu iliyobaki ni yake. Séphora ndiye aliyekuwa amebaki naye duniani. Mumewe alikufa kwa risasi kwenye njia ya Kanyabayonga, na watoto wawili wa mwanzo walizikwa kabla ya kujua kutembea. Séphora alikuwa na miaka kumi na minne, msichana mtiifu wa kupitiliza. Alikuwa na tabia moja ya ajabu: akichagua maharagi nyumbani, vijiwe havitupi. Anavipanga duara mezani, taratibu, kimoja kikigusa kingine, na mama yake akimkaripia anacheka tu.

Kavuo alikimbilia kwenye ukuta wa vikombe. Kile cha Salomon, kile cha Mariette, chake mwenyewe. Na pembeni yake msumari mpya, na kikombe kipya. SÉPHORA, kwa rangi nyekundu. Aligusa rangi. Ilikuwa imekauka zamani.

Alipiga magoti mbele ya kiti cha Maliro.

«Patron, ile neno ilikuwa ya kucheka tu. Unisamehe. Ninairudisha.»

«Mama Séphora, nani anakufukuza?» Maliro alimjibu kwa sauti ya chini, karibu ya upendo. «Kaa, tumika kazi yako. Siku utaacha, utaacha tu vile ulisema.»

Alifikiria kutorokea kwa dada yake, kule Mangina. Akakumbuka kwamba kutoroka ni kuacha kazi. Alikwenda kwa padri, akanyunyiziwa maji ya baraka, na kesho yake akawahi depo kabla ya wote. Akawa mtu wa kushangaza mji. Yeye, aliyekuwa akiota mchana na usiku kuacha kazi ile, aliing'ang'ania kwa meno. Aliumwa malaria akachagua huku akitetemeka. Milio ya bunduki ilisikika upande wa uwanja wa ndege na wote wakakaa majumbani, yeye akaja peke yake, akakuta geti liko wazi na uji wake umekwisha kumiminwa.

Séphora alipewa amri moja: asikanyage kwa Maliro, na asiguse ungo wa mama yake. Sababu hakuambiwa. Kavuo aliogopa kulirudia lile neno kinywani, lisije likasikika tena. Hapo ndipo alipokosea, maskini, na nani angemlaumu? Mtoto aliona tu mama anakonda, anakohoa, na hataki kusaidiwa.

Ikapita miezi kumi na minne. Kisha mambo mawili yakaja katika juma moja. Ungo wa Kavuo ulipasuka ukingo, akampelekea jirani yake Masika, mama mtu mzima anayesuka nyungo, aushone. Na habari ikafika kwamba mama yake mzazi amefariki huko Masereka.

Mama hazikwi na majirani. Kavuo aliomba ruhusa.

«Enda, uzike,» Maliro akasema. «Siku mbili.»

Alipanda milima kwa miguu, akazika, akalia kwa haraka, akaanza kushuka kabla matanga hayajakolea. Njiani wanajeshi walikuwa wamefunga barabara, kundi moja likiwinda jingine. Aliwasihi. Walimkalisha kwenye majani mpaka asubuhi ya siku ya tatu.

Asubuhi hiyohiyo Masika alibisha nyumbani kwa Kavuo na ungo ulioshonwa vizuri. Alikuwa mwanamke mwema, na wema wake ndio unaoniuma zaidi katika kisa hiki.

«Mama yako hajafika?» akamwuliza Séphora. «Siku yake imeisha. Batamupa mutu mwingine nafasi, mutoto wangu. Kimbia na lungo.»

«Mama alinikataza, tate,» akajibu, akimwita bibi.

«Alikukataza juu anakuhurumia. Na wewe umuhurumie.»

Séphora alisimama na ungo mkononi kwa muda mrefu, Masika alikuja kulisema hilo akijipiga kifua. Kisha akavaa gauni la kanisani, akaenda.

Wachaguaji waliona yote. Mtoto aliingia na ungo kichwani, akausalimia umati kwa heshima, akapiga goti mbele ya kiti.

«Patron, lungo ya Mama hii. Mama hajafika.»

«Sema muzuri,» Maliro akamwambia. «Sema: Mama alisema anaacha kazi.»

Séphora alisita. Alisema mama hakusema hivyo.

«Unanibishia, mimi mukubwa?»

Na mtoto aliyelelewa vizuri hambishii mtu mzima. Aliinamisha kichwa, akalisema. Neno kwa neno.

Maliro aliinuka mwenyewe, akatoa kile kikombe msumarini, akamimina uji. Séphora akashukuru. Akanywa. Akakaa mahali pa mama yake, akaweka ungo mapajani, akaanza kuchagua. Wachaguaji waliinamisha nyuso kwenye nyungo zao. Walipoziinua, lori la Maulidi lilikuwa linaungurumisha injini uani, na mahali pale palikuwa patupu. Hakuna aliyeona mtoto akisimama. Hakuna aliyesikia mlango.

Kavuo alifika saa saba mchana, miguu inavuja damu. Nyumba tupu. Masika alipomwambia, hakupiga kelele. Alikimbia.

Maliro alikuwa kwenye kiti chake.

«Nani alikuambia ukuje?» akamwuliza. «Kazi ulishaacha.»

«Mutoto wangu iko wapi?»

«Ulimutuma wewe.»

Alimkaba koo. Wapakizi wawili walimng'oa, wakamtupa barabarani, na Maliro akaokota kofia yake, akaipangusa vumbi. Kavuo aliita jina la mwanawe kwenye barabara ya Beni mpaka sauti ikaisha. Kisha akaendelea kuita bila sauti.

Siku ya nne Maulidi alirudi. Hakuingia depo. Alikwenda moja kwa moja kwa Kavuo, akavua kofia, akasimama nje ya mlango. Mchana mweupe, kuku wanadonoa.

«Anachagua?» Kavuo akanong'ona.

«Anachagua.»

Maulidi akafunika uso wake. «Alikuja kunipigia mu vitre ya mulango, lori iko natembea. Aliniuliza kama ulifika muzuri kutoka Masereka.»

Maulidi aliziweka funguo za lori kwenye geti la Maliro siku hiyohiyo, bila kufungua kinywa. Wanasema ndiye mtu pekee aliyeacha kazi pale akaendelea kuishi, kwa sababu hakuwahi kusema ataiacha vipi.

Kavuo alirudi depo mara moja tu, kuchukua kikombe cha mwanawe. Maliro hakumzuia, alimshikia mlango. Kavuo alikiosha nyumbani, akakikausha kwa kanga, akakifudikiza mezani. Baadaye akajaribu kukifungia ndani ya sanduku, na siku moja akakizika.

Maliro amekwisha kufa, depo imebomolewa, na Kavuo ni bibi kizee asiyefanya kazi yoyote. Kila asubuhi hukikuta kikombe kile mezani, kimesimama wima, kikizungukwa na duara la vijiwe vilivyopangwa taratibu, kimoja kikigusa kingine. Ndani huwa na uji kidogo, umebakizwa upande mmoja, kama mtoto anavyombakizia mama yake. Uji huo huwa bado na joto.